Maswali ya Wasomaji: Kuijaribu Kanuni Kabla Haijaamua Haki ya Mwananchi

Toleo hili tumelitenga kwa barua zinazohusu mifumo ya kompyuta inayotoa uamuzi juu ya stahili, kodi na mafao. Barua zimefupishwa, na kwa ombi la waandishi hatukutaja majina yao wala ya ofisi zao.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika idara ya ustawi wa jamii ya halmashauri moja. Tumeletewa mfumo ambao ukishajazwa taarifa za kaya husema "inastahili" au "haistahili". Mafundi waliouleta wanasema umeshajaribiwa. Je, mimi ambaye si mtu wa kompyuta nina la kuuliza? (Afisa, Dodoma)

JIBU: Unalo, ndugu yetu, na ni hili: umejaribiwa kwa kulinganishwa na nini? Fundi anaposema mfumo umejaribiwa, mara nyingi maana yake ni kwamba fomu zinafunguka, taarifa zinahifadhika, seva inahimili watumiaji wengi kwa pamoja na kila kitufe kinafanya kilichoagizwa. Hayo ni ya lazima, lakini yote yanaweza kuwa sawa huku kaya inayostahili kwa mujibu wa mwongozo ikiambiwa haistahili, kwa sababu aliyeandika programu alisoma "na" mahali palipoandikwa "au", au alidhani kwamba "watoto" ni wa kuzaa tu ilhali mwongozo unawahesabu pia wanaolelewa katika kaya hiyo.

Mifumo mizuri ya aina hii hutenganisha kanuni na sehemu nyingine za programu. Kanuni huandikwa peke yake, kwa kawaida katika majedwali ya uamuzi: kila safu wima ni sharti, kama vile umri, kipato au makazi, kila mstari ni kanuni moja, na mwishoni mwa mstari kuna jibu. Tangu mwaka 2015 kipo kiwango cha kimataifa cha kuandika majedwali hayo, kiitwacho DMN, kilichotolewa na Object Management Group, jumuiya ya kutunga viwango vya kompyuta, na faida yake kubwa ni kwamba jedwali lilelile analolisoma afisa ndilo linaloendeshwa na kompyuta. Basi omba uoneshwe jedwali. Ukijibiwa kwamba kanuni zimo ndani ya programu na haziwezi kuoneshwa, umekwisha kujua kwamba hakuna mtu wa idara yako aliyezihakiki.

Baada ya hapo omba orodha ya kesi za majaribio pamoja na majibu yaliyotarajiwa, kisha uliza ni nani aliyeyaandika majibu hayo. Ikiwa ni mtu yuleyule aliyeandika kanuni, kosa lake la usomaji litapita pande zote mbili bila kugunduliwa, kwa kuwa mtihani na masahihisho vimetoka katika kichwa kimoja. Majibu yanayotarajiwa myaandike wewe na wenzako, kwa mkono, kutoka kwenye mwongozo wenyewe, kabla hamjaona mfumo umejibu nini. Kazi hiyo haihitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Inahitaji mtu aliyewahi kukaa na waombaji.

SWALI: Ninaandika programu ya mishahara ya taasisi. Nimetengeneza kesi mia mbili za kodi ya mshahara na zote zimepita. Je, zinatosha? (Mtaalamu wa TEHAMA, Morogoro)

JIBU: Idadi haielezi lolote mpaka tujue kesi hizo zimekaa wapi. Watu mia mbili wenye mishahara ya kati ya shilingi 300,000 na 500,000 ni kesi moja iliyorudiwa mara mia mbili.

Tuchukue viwango vya PAYE, yaani kodi ya mshahara, vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021. Kipato cha mwezi kisichozidi 270,000 hakitozwi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kuanzia hapo hadi 760,000 kodi ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Hadi 1,000,000 ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Na juu ya milioni moja ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya ziada. Jedwali hilo lina mistari mitano na mipaka minne, na kesi zako za kwanza zinapaswa kukaa mipakani hasa: kiasi kamili cha mpaka, shilingi moja chini yake na shilingi moja juu yake.

Utakapofanya hivyo utagundua jambo la kupendeza. Zile 20,000, 68,000 na 128,000 ni kodi iliyokwisha kukusanyika mpaka kileleni mwa mstari uliotangulia, kwani asilimia 8 ya 250,000 ni 20,000, ukiongeza asilimia 20 ya 240,000 unapata 68,000, na ukiongeza tena asilimia 25 ya 240,000 unafika 128,000. Kwa hiyo mtu mwenye 760,000 kamili hupata jibu moja, awe amesomwa na mstari wa tatu au wa nne. Jedwali la kodi ya namna hii husamehe programu iliyochanganya "isiyozidi" na "iliyo chini ya". Kanuni za stahili hazisamehe: penye sharti la miaka 70, mwenye miaka 70 kamili ama yumo ama yuko nje. Mtaalamu aliyezoea mishahara akihamia kwenye stahili huwa hajaizoea hatari hiyo.

Mpangilio huo wa viwango unakupa pia jaribio linalozidi kesi zako mia mbili kwa nguvu. Iambie kompyuta ipandishe kipato shilingi moja moja kutoka sifuri hadi milioni mbili, na ihakikishe kwamba kodi haishuki hata mara moja na wala hairuki zaidi ya senti 30 kwa hatua moja. Tarakimu moja ikikosewa popote katika jedwali, ni nadra sana ipite hapo.

Halafu angalia mfuatano wa maamuzi, kwa sababu makosa mengi hayamo ndani ya jedwali bali kati ya jedwali na jedwali. Mchango wa mwajiriwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii hutolewa kabla ya kukokotoa kodi. Mwajiriwa wa sekta binafsi mwenye mshahara wa 800,000, anayechangia asilimia 10, anabaki na 720,000 za kutozwa kodi, nayo kodi yake ni 60,000. Majedwali yakiunganishwa kinyume, atatozwa juu ya 800,000 na kodi itakuwa 78,000. Kila jedwali lilipojaribiwa peke yake lilikuwa sahihi, na bado mtu huyo amekatwa 18,000 za bure kila mwezi. Kesi za namna hii ziandikwe kuanzia mshahara ghafi hadi kinachoingia benki.

Mwisho, angalia umelitangaza jedwali lako kuwa la aina gani. DMN inaruhusu jedwali ambalo mstari mmoja tu unapaswa kumkubali mwombaji, na pia jedwali ambalo mstari wa kwanza unaokubali ndio unaoshinda. La pili ni rahisi kuandika, na ndiyo maana mafundi hulipenda, lakini lina tabia ya kunyamaza: mistari miwili ikigongana halilalamiki, na mstari wa chini unaweza kukaa miaka bila kufikiwa na mtu. Kwa kanuni za umma tunashauri la kwanza. Mgongano ukitokea, mfumo utagoma, na kugoma katika mazingira ya majaribio hakumuumizi mtu.

SWALI: Huku shehiani wazee wengi wanajua mwaka waliozaliwa tu. Kuna mfumo unaodai siku na mwezi, na bila hivyo hauendelei, basi wajazaji huweka tarehe 1 Januari. Je, ni sawa? (Msaidizi wa sheha, Unguja)

JIBU: Tuangalie inavyomgusa mzee mwenyewe. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, bila kujali kama waliwahi kuajiriwa au kuchangia mfuko wowote, na kiwango cha mwanzo kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa sharti la umri kama hilo, mzee aliyezaliwa mwaka 1956 akiandikiwa 1 Januari atakuwa ametimiza miaka mwanzoni kabisa mwa 2026. Akiandikiwa 31 Desemba, atasubiri karibu mwaka mzima mwingine. Tofauti hiyo ya fedha haikuamuliwa na Baraza la Wawakilishi wala na waziri, imeamuliwa na kisanduku cha fomu kisichokubali kuachwa wazi.

Sisi binafsi tunaona 1 Januari ina huruma zaidi kwa mzee, lakini huruma ya mjazaji haitoshi kuwa kanuni. Mwenye mamlaka aandike inavyopaswa kuwa pale mwaka tu unapojulikana, na maandishi hayo yaingie katika jedwali kama mstari unaoonekana. Sheria zilizotungwa kwa uangalifu hufanya hivyo. Sheria ya uraia ya Uingereza ya 1981 inasema kwamba mtoto mchanga aliyeokotwa akiwa ametelekezwa ndani ya nchi hiyo atahesabiwa amezaliwa humo, na kwa mzazi mwenye sifa zinazotakiwa, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Watafiti wa Imperial College, London, walipoiandika sheria hiyo katika lugha ya kompyuta iitwayo Prolog na kuchapisha kazi yao mwaka 1986, kifungu hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyowatatiza, kwa kuwa kinaitaka kompyuta itoe uamuzi kutokana na kutokuwepo kwa ushahidi, kisha ikubali kuubatilisha ushahidi ukipatikana.

Kwa hiyo mfumo unaoamua haki za watu unahitaji jibu la tatu zaidi ya ndiyo na hapana, nalo ni "haijulikani", na jibu hilo limpeleke mwombaji kwa afisa au kwa sheha mwenye kumjua, lisimpeleke kwenye kukataliwa. Katika kesi za majaribio awemo mzee mwenye mwaka pekee, awemo mwenye nyaraka mbili zinazopingana, na awemo asiye na waraka wowote. Tukipewa nafasi ya kuchagua kesi tatu tu za kujaribu mfumo wa pensheni ya wazee, tungechagua hizo.

SWALI: Mnatia watu hofu. Kompyuta haili rushwa, haina mjomba kijijini, wala haikosei kujumlisha. Mimi naona afadhali yenyewe kuliko karani. (Mfanyabiashara, Arusha)

JIBU: Kuhusu mjomba tunakubaliana nawe kabisa. Kanuni iliyoandikwa wazi na kutumika kwa wote kwa namna moja ni hatua kubwa. Hata hivyo, tazama kilichotokea Australia, ambako hakuna aliyekosea kujumlisha.

Huko posho za wasio na kazi hukokotolewa kwa kipato cha kila wiki mbili. Kuanzia mwaka 2015 serikali ilianza mpango, uliokuja kujulikana kama Robodebt, wa kulinganisha posho zilizolipwa na kipato cha mwaka kilichoko katika mamlaka ya kodi, na mwaka 2016 kazi hiyo ikafanywa kwa mtambo kwa kiwango kikubwa. Pale ambapo mtu hakuleta maelezo mengine, mfumo uligawa kipato chake cha mwaka kwa vipindi 26 vya wiki mbili na kuchukulia kwamba ndicho alichopata katika kila kipindi. Sasa mfikirie mtu aliyefanya kazi nusu ya mwaka akalipwa dola 26,000, kisha akakosa kazi na kupokea posho nusu iliyobaki. Mfumo ulimsomea dola 1,000 kila wiki mbili kwa mwaka mzima, ukamwona kama aliyekula posho huku ana mshahara, ukamwandikia deni na kumtaka athibitishe kinyume chake kwa hati za mishahara za miaka iliyopita.

Hesabu ilikuwa sahihi kila mara. Kilichokosekana ni msingi wa kisheria wa kugawa kwa 26. Serikali iliacha kutegemea mgawanyo huo Novemba 2019, baada ya shauri lililofikishwa Mahakama ya Shirikisho, na Tume ya Kifalme ya uchunguzi chini ya Catherine Holmes ilipotoa ripoti yake Julai 2023 ilieleza kwa urefu jinsi mpango huo ulivyoendeshwa bila uhalali. Walioguswa walikuwa zaidi ya watu 400,000.

Jambo ambalo mtu wa majaribio anapaswa kulitafakari ni udogo wa jaribio ambalo lingeutoa ukweli huo. Kesi moja ilitosha: mtu mwenye kipato kisicho sawa mwaka mzima, anayekokotolewa kwa mkono kwa kufuata sheria, kisha jibu lake kulinganishwa na la mfumo. Vibarua, wavuvi, wakulima wa msimu na madereva wa bodaboda wote wana kipato cha namna hiyo, kwa hiyo nchi zetu zingehitaji kesi hiyo kuliko Australia yenyewe.

Uholanzi nayo ilikuwa na tatizo la sura nyingine. Wazazi waliopokea ruzuku ya malezi ya watoto, wakibainika kuwa na kasoro hata ndogo katika mchango wao wa gharama za malezi au nyaraka zao, walitakiwa kurudisha ruzuku yote ya mwaka. Maelfu ya familia ziliangamia kwa madeni, na serikali ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Mark Rutte, ikajiuzulu Januari 2021. Hapo kasoro ilikuwa katika ukali wa kanuni jinsi ilivyosomwa, na modeli ya uamuzi ingeweza kusaidia mapema kwa kuonesha kwamba upungufu mdogo wa malipo unazaa deni la maelfu. Mwenendo wa kuruka namna hiyo ndio lile jaribio la shilingi moja moja tulilomweleza msomaji wa Morogoro lingeukamata.

SWALI: Mfumo wetu mpya uko tayari. Mkuu wa taasisi anataka uwashwe tarehe 1 Julai na ule wa zamani uzimwe siku hiyohiyo. Nifanyeje? (Meneja wa mradi, Dar es Salaam)

JIBU: Mwombe aruhusu mifumo yote miwili iende sambamba kwa muda, mpya ukitoa majibu yasiyotumika bado. Kabla ya hapo chukueni majalada ya zamani kutoka masjala, yakiwemo yaliyokatiwa rufaa, muyapitishe katika mfumo mpya na kulinganisha majibu. Zitajitokeza tofauti, na kila tofauti ichunguzwe mpaka ijulikane chanzo chake. Baadhi zitakuwa makosa ya mfumo mpya, na nyingine zitakuwa makosa ya zamani ambayo hayakuwahi kuonekana. Nyingine, na hizi ndizo zenye faida kubwa, zitaonesha kwamba makarani walikuwa wakitumia kanuni isiyoandikwa popote, kwa mfano kumpa mwombaji siku saba za ziada akitoka mbali. Kanuni hiyo ikiachwa nje ya jedwali itatoweka siku mfumo wa zamani utakapozimwa, bila mtu yeyote kuamua kwamba itoweke.

Kuhusu tarehe, Julai ina mtego wake, kwa kuwa ndipo mwaka wa fedha unapoanza na viwango kubadilika. Wasomaji wetu wanakumbuka mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu Tanzania. Utaratibu ulioanza Julai 2022 uliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33 ya mafao, na katika bajeti ya 2024/2025 ukarekebishwa, wale ambao kabla ya 2022 walikuwa katika kundi la asilimia 50 wakapandishwa kutoka 33 hadi 40 na waliokuwa katika kundi la asilimia 25 wakawekwa kwenye 35. Mstaafu wa mwaka 2023 ambaye jalada lake limechelewa likashughulikiwa mwaka 2025 anahukumiwa na kanuni ipi? Hilo ni swali la wanasheria, lakini mfumo usioweza kubeba matoleo yote mawili kwa pamoja umekwisha kulijibu vibaya. Programu ya OpenFisca, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2011 na baadaye kutumika kuandika kanuni za kodi na ruzuku za nchi nyingine, Senegali na Tunisia zikiwemo, huweka viwango nje ya kanuni na kukipa kila kiwango tarehe yake ya kuanza, hivyo swali lolote huulizwa "kwa tarehe fulani". Mfumo wenu nao ufanye hivyo, hata kama umejengwa kwa zana nyingine.

Kila uamuzi unaotolewa uhifadhiwe pamoja na taarifa zilizoingia, namba ya toleo la kanuni na mistari ya jedwali iliyoufikisha hapo. Na kila kanuni inapobadilishwa, kesi zote za zamani ziendeshwe upya kabla toleo jipya halijapandishwa kwenye seva ya kazi, maana kanuni iliyorekebishwa upande mmoja ina kawaida ya kuharibu upande ambao hakuna aliyeugusa.

SWALI: Kosa likigunduliwa baada ya miezi kadhaa, walioamuliwa tayari wafanyweje? Na je, sheria inamlinda vipi mtu aliyeamuliwa na mashine? (Mwanafunzi wa sheria, Mombasa)

JIBU: Kwa Kenya, anza na kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na uchakataji wa mashine pekee, isipokuwa katika hali zilizotajwa, na pale uamuzi kama huo unapofanywa anapaswa kujulishwa kwa maandishi na anaweza kuomba uangaliwe upya. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayogusa maamuzi ya namna hiyo. Haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya ina thamani pale tu mwombaji anapoweza kuambiwa ni mstari gani uliomkataa, na ndiyo sababu tulisisitiza kumbukumbu hapo juu.

Jihadhari usichanganye majedwali ya kanuni na mifumo inayokisia. Mchango wa bima ya afya ya jamii nchini Kenya, ulioanza Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mshahara kwa aliyeajiriwa, na hilo ni jedwali la mstari mmoja. Kwa asiye na mshahara, kipato cha kaya hukadiriwa kwa maswali kuhusu hali yake ya maisha. Kadirio kama hilo haliwezi kujaribiwa kwa kusoma sheria pekee. Hujaribiwa kwa kuchukua kaya ambazo kipato chake halisi kimepimwa kwa njia nyingine, kisha kuangalia kadirio limekosea kwa kiasi gani na limewakosea akina nani zaidi.

Kosa likishagunduliwa, kumbukumbu za matoleo zitaiwezesha ofisi kuwatafuta wote waliopitia mstari mbovu, wakiwemo wale ambao hawakulalamika, na kuyaendesha majalada yao upya kwa kanuni iliyorekebishwa. Aliyepunjwa alipwe bila kutakiwa kujaza fomu nyingine. Aliyezidishiwa asianze kukatwa na mfumo wenyewe. Jalada lake lipelekwe kwa afisa kwanza, kwa kuwa kosa halikuwa lake na huenda sheria husika inaruhusu kusamehewa. Kesi iliyofichua kosa hilo iongezwe katika orodha ya majaribio ikiwa na jibu sahihi, na kila toleo litakalofuata lipimwe nayo.